Majina Matatu Yaliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudisha ufunguo wa kabati la historia. Kabati lenyewe lilikwisha kupoteza mlango, lakini ufunguo ulikuwa umeandikwa kwa jina langu na direkteri wa shule alitaka sahihi. Nikatia sahihi. Kisha ninyi vijana wa chumba cha walimu mkanizuia mlangoni: "Mama Mariamu, usiondoke hivi hivi, tuandikie kitu." Nimekaa mezani kuandika, na nimechagua Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, kwa sababu kila nikishika Kifaransa mkono wangu unaanza kuandika ripoti.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alitakiwa kunipandisha. Nitaandika juu ya siku ya kwanza, juu ya ubao, juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya somo moja nililolikosea katika miaka ya vita. Lilikuwa somo la vyama vya siasa vya Marekani, siku zile Marekani ilipokuwa bado taifa changa. Mtajiuliza jambo la mbali hivyo lingewezaje kumfikia binti wa kijiji cha Gatete. Hata mimi nilijiuliza, lakini nilichelewa.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani na kurasa nane juu ya Misri ya kale. Nilikuwa nimekadiria kwamba zinatosha saa nzima. Ziliisha kwa dakika kumi na mbili, kwa sababu mtu mwenye hofu husoma mbio. Nikabaki nimesimama mbele ya watu arobaini na kitu, nikiitazama karatasi ya mwisho kama kwamba ina upande wa tatu. Binti mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa upole, "Madamu, turudie kutoka mwanzo?" Tukarudia kutoka mwanzo.

Mwalimu Anselmi alikuwa akifundisha jiografia chumba cha pili, na ukuta kati yetu haukufika juu. Alisikia yote. Alikuwa mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyekuja huku kijana akazeekea hapa. Mzee wa kanisa, mwenye tai moja ya kahawia aliyoivaa hata pamoja na sandali. Wakati wa mapumziko alinijia.

"Mama, unasomaka muzuri," akasema. "Sauti iko. Lakini ulifundisha karatasi, hukufundisha batu."

"Nifanyeje, Mzee?"

"Leta bugomvi. Ukiingia na jibu, banalala. Ukiingia na bugomvi, hata ule wa nyuma anainua kichwa. Nani aligombana na nani, juu ya nini, na weye ungekuwa upande gani. Kisha unyamaze kidogo. Kunyamaza ndiyo kazi nguvu."

Nilihitaji miaka mitatu kujifunza kunyamaza. Ugomvi niliujua upesi zaidi.

Vyombo vyetu vya kazi mnavijua, ila ninyi mna vingi kidogo. Ubao tuliupaka upya kila mwaka kabla ya masomo kuanza: unavunja betri kuukuu za redio, unasaga ule weusi wa ndani, unachanganya na maji ya majani ya muhogo yaliyopondwa, unapaka kwa kitambaa. Unang'aa wiki mbili, kisha unakuwa wa kijivu kama sisi wengine. Chaki tuliikata vipande viwili kabla haijajikata yenyewe. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, cha Kifaransa, kimevishwa karatasi ya mfuko wa saruji, na kilianza ukurasa wa tisa. Mimi niliandika muhtasari ubaoni, wanafunzi wakanakili katika kaye zao, yaani daftari zao. Kwa hiyo kaye ya mwanafunzi ndiyo ilikuwa kitabu chake. Ilikwenda naye nyumbani, ikasomwa na baba yake, na ilipokuja vita ikasomwa pia na watu wa bariyeri, vizuizi vya askari barabarani.

Vita vilipofika upande wetu, darasa la mwisho lilikuwa na watu wazima. Wengine walikuwa wamepoteza miaka miwili au mitatu njiani. Wengine walishuka kutoka Bugarama na milima ya huko, wakalala katika kambi ya waliokimbia, nyuma ya soko, na asubuhi walikuja shuleni na shati lililonyooshwa kwa kulaliwa. Barabara ya Bujumbura ilifungwa na kufunguliwa. Siku ambazo wavuvi wa Magara hawakupitisha samaki tulijua imefungwa, hata redio iseme nini. Milio ikisikika milimani, tulisogeza mabenchi mbali na madirisha ya upande ule tukaendelea. Mtu akiniuliza leo kwa nini tuliendelea, ninamwambia kwamba mtihani wa serikali ulikuwa na tarehe, na sisi hatukuwa na kitu kingine chenye tarehe.

Sura ya taifa changa la Marekani niliipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna ugomvi ambao sikuwahi kuumaliza kichwani. Nilieleza hivi. Wamarekani walipojitoa kwa Mwingereza, walimfanya jenerali wao kuwa rais. Huyu hakutaka vyama. Aliviogopa, na alipoondoka madarakani aliwaandikia watu wake kuwaonya juu yake. Lakini mezani pake mwenyewe walikuwa wamekaa mawaziri wawili ambao kila mmoja alikuwa anaota chama kifuani. Waziri wa fedha alitaka serikali ya kati yenye nguvu, benki ya taifa, na biashara nzuri na Mwingereza. Waziri wa mambo ya nje alitaka nguvu zibaki mikoani, kwa wakulima, na moyo wake ulikuwa kwa Wafaransa, waliokuwa wanafanya mapinduzi yao. Wa kwanza wakaitwa Wafederali, wa pili Warepublika. Majina ya wakubwa hao yaliwashinda ulimi wanafunzi, basi wakawaita Mzee wa Benki na Mzee wa Mashamba, na mpaka leo mimi pia nawaita hivyo.

Sijawahi kupata maswali kama yale. Niliposema kwamba rais wa pili alikuwa Mfederali, na kwamba Mzee wa Mashamba aliyeshindwa akawa makamu wake kwa sababu sheria ilimpa nafasi hiyo yule wa pili kwa kura, darasa zima lilicheka.

"Nyumba moja, Madamu? Yeye na adui yake?"

"Nyumba moja."

"Nani alikuwa anaonja chakula?"

Niliposema kwamba Wafederali walitunga sheria ya kuwafunga waliowaandika vibaya magazetini, na kwamba mbunge mmoja alifungwa akachaguliwa tena akiwa ndani, hawakucheka. Waliandika. Na Goreti, delege au kiranja wa darasa, msichana wa miaka ishirini kutoka Gatete, aliuliza swali ambalo kitabu hakikulijibu: "Watumwa wa Mzee wa Mashamba walikuwa chama gani?" Nikamwambia hakuna aliyewauliza. Akaliandika hilo pia, na chini yake akapiga mstari kwa rula.

Goreti alipiga mstari kwa rula chini ya kila kitu. Ninyi mnajua kazi ya delege katika shule zetu: anatunza kaye ya darasa, na humo anaweka orodha zote, ya kufagia, ya kuchota maji, ya vikundi. Anayehama kikundi, jina lake linakatwa kwa wino mwekundu, kisha linaandikwa mahali papya. Ndivyo tulivyofundishwa sote tangu shule ya msingi, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kuna mahali pengine ambapo jina lililokatwa kwa wekundu linasomwa vingine.

Sasa kosa langu. Nilitaka ugomvi. Darasa lilikuwa na safu mbili za mabenchi na njia katikati. Nikasema, "Safu ya kushoto ni Wafederali, ya kulia ni Warepublika. Tujadili benki. Mwisho wa mjadala, atakayeshawishika avuke." Goreti akafungua ukurasa mpya, akaandika vyama viwili juu, na chini ya kila kimoja majina ya watu wake. Masomo mawili walijadili vizuri mpaka Mzee Anselmi, ng'ambo ya ukuta, akasimamisha mito yake ya Afrika ili asikilize. Jumanne, mwisho wa somo la pili, watu watatu walivuka. Bosko wa kambini alikwenda kulia. Saidi, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wetu, alikwenda kulia. Goreti mwenyewe alikwenda kushoto. Akakata majina matatu kwa wino mwekundu, likiwemo lake. Kengele ikalia. Akasema atayaandika upande wa pili nyumbani, kwa utulivu, yasiharibu ukurasa.

Saa tisa mchana nilikuwa nasahihisha kazi, mwenzake Goreti wa njiani akaingia anahema. Goreti amezuiwa kwenye bariyeri ya Gatete. Wamefungua begi. Wameona kaye. "Wamesema ni orodha, Madamu."

Kwa msomaji ambaye hakuwepo, nieleze neno hilo. Katika miaka ile, karatasi yenye majina ya watu chini ya jina la chama iliitwa orodha, na watu walioandikwa humo walianza kulala nje ya nyumba zao. Mwenye kukutwa nayo aliulizwa nani amempa na kwa kazi gani. Saa kumi na moja kulikuwa na lori lililopita kuchukua waliozuiwa. Wengine walirudi. Nilikuwa na saa mbili.

Nilichukua kitabu, kile cha mfuko wa saruji. Mzee Anselmi alifunga tai akatoka na mimi bila kuulizwa.

Bariyeri ilikuwa karibu na mashine ya kukamulia mawese iliyokuwa imekufa, na chini ya bati lake ndipo aliketi luteni. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Goreti alikaa kwenye gogo, mikono magotini. Hakulia. Aliponiona alisimama, kama tunavyosimama mwalimu anapoingia, na askari mmoja akamwambia akae.

"Amahoro, Komanda," nikasema.

"Amahoro. Weye ndiye mwenye chama?"

"Mimi ndiye mwalimu wa historia."

Alinisogezea kaye kwa kidole kimoja. "Wafederali. Mukubwa wao ni nani?"

"Waziri wa fedha."

"Wa wapi?"

"Wa Marekani, Komanda. Alikwisha kufa. Alipigwa risasi na makamu wa rais, lakini hiyo ni baadaye, na hawakuwa hata..." Nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kuchagua mfano mbaya kuliko ule.

Luteni alinitazama juu ya miwani. "Endelea."

Nikafungua kitabu ukurasa wa sura ile, nikaeleza. Nilieleza kama ninavyoeleza siku zote, kutoka mwanzo, polepole, jenerali, mawaziri wawili, benki, Mwingereza na Mfaransa. Askari wawili walisogea. Luteni alisoma Kifaransa cha kitabu kwa midomo, kisha akaniamuru nikae mbali, karibu na mashine, akamwita Goreti. Nilielewa: alikuwa anataka kuona kama maneno yetu yanafanana. Nilisikia vipande tu. Nilimsikia akisema "benki", nikamsikia akisema "mikoa". Nilisikia luteni akiuliza, "Na weye ulitoka kwao kwa sababu gani?" na Goreti akajibu kwa sauti ile ile ya kusimama kwenye benchi, "Kwa sababu kama kila mkoa unajifanyia wake, nani atatengeneza barabara?" Kama ningekuwa na kalamu ningempa alama.

Luteni akaniita tena. "Munafanana," akasema. "Lakini munaweza kuwa mumefundishwa wote na mutu mumoja. Mambo mawili. Hawa batatu wenye damu juu ya majina. Huyu mumoja yuko hapa. Bosko na Saidi biko wapi?"

"Saidi yuko dukani kwa baba yake. Bosko yuko kambini. Ni wazima, Komanda. Walihama benchi tu."

"Nataka kubaona na macho."

Mzee Anselmi aliazima baiskeli ya muuza mawese akaenda. Mimi nikabaki. Huko mjini, nilikuja kusikia, Saidi alivaa viatu akaja bila kuuliza. Bosko ilikuwa habari nyingine. Mtu wa kambini hapeleki uso wake kwenye bariyeri kwa hiari yake, akajitaje kwamba yeye ndiye lile jina. Mama yake alimshika mkono. Bosko aliuliza jambo moja tu: "Madamu iko kule peke yake na Goreti?" Mzee Anselmi akamwambia, "Biko peke yabo." Bosko akamwomba mama yake shati.

Tulipokuwa tunangoja, luteni alileta jambo la pili. Alipitisha kidole kwenye safu ya kushoto, kisha ya kulia. Askari mmoja alikuwa mwenyeji, na alikwisha kumwambia kila jina ni la nani na linatoka wapi.

"Madamu, unasema uligawa kwa njia ya katikati. Kushoto huku, kulia kule. Hukuchagua."

"Sikuchagua."

"Basi nielezee. Huku karibu bote Bahutu. Kule karibu bote Batutsi. Wamarekani gani hawa?"

Niliitazama ile orodha, na ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Yalikuwa majina niliyoyaita kila asubuhi, na sikuwa nimeona. Walikuwa wamejipanga wenyewe, pole pole, tangu mwaka ule vita vilipoanza, rafiki karibu na rafiki, hofu karibu na hofu, na mimi niliingia kila siku nikatazama ubao. Sisi Waswahili wa mjini tulizoea kusema vita hivyo si vyetu. Labda ndiyo sababu sikuona. Labda sikutaka kuona. Nikawapa majina ya vyama watu waliokwisha kugawanyika, na nikawaambia wapingane.

"Wanakaa hivyo wenyewe, Komanda," nikasema. "Mimi sikutazama."

"Unafundisha historia."

"Ndiyo."

Hakuongeza neno. Kwa ukimya huo Mzee Anselmi angempa kazi.

Saa kumi na nusu baiskeli ilirudi, Saidi amekaa nyuma, Bosko anatembea kasi pembeni. Luteni aliwaita mmoja mmoja. Bosko alisimama wima, akasema jina lake lote na mahali alipozaliwa kabla hajaulizwa. Aliulizwa kwa nini alihama chama.

"Benki, Komanda."

"Benki gani?"

"Ya Marekani. Niliona itawakopesha wenye mali tu."

Kisha Saidi. Saidi alinitazama kwanza, kama mtu anayeomba radhi.

"Kusema kweli, Komanda, upande ule kuna dirisha. Huku kwetu jua la tundu la bati linanipiga shingoni tangu saa tatu."

Askari aliyekuwa karibu alicheka, na luteni akavua miwani akajifuta macho. Nadhani jibu hilo ndilo lililotuokoa. Uongo wa kupangwa haungekuwa na dirisha ndani yake. Nimesoma mengi tangu siku ile juu ya watu waliohama vyama Marekani na kwingineko, na ninyi mtakaposoma, mtafuteni Saidi. Yumo katika kila karne.

Luteni alirarua ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni. Kaye akampa Goreti. "Nenda. Wote muende, kabla lori halijafika." Kisha akanishika kwa swali nikiwa nimekwisha kugeuka. "Ule rais wa pili. Mufederali. Ulisema alishindwa."

"Alishindwa na Mzee wa Mashamba. Na hata hapo haikuisha, kwa sababu Mzee wa Mashamba na mwenzake wa chama hicho hicho walilingana kura, ikabidi bunge lipige kura mara thelathini na sita. Mikoa mingine ilianza kutayarisha bunduki."

"Na huyu aliyeshindwa, jeshi lilikuwa la nani?"

"Lilikuwa lake. Alikuwa bado rais."

"Akafanya nini?"

"Siku Mzee wa Mashamba alipoapishwa, yeye aliondoka kabla ya jua kutoka, kwa gari la farasi. Akarudi kwao, shambani."

"Kwa nini?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na nina majibu ya kitabu. Mbele yake nilisema kweli. "Sijui, Komanda. Nimesoma kila kitu nilichopata na bado sijui."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia zaidi kutoka kwa mwalimu.

Goreti alifika nyumbani jioni ile salama. Lakini Jumatano hakuja shuleni. Alhamisi hakuja. Nikapeleka salamu, jibu likarudi kwamba baba yake amesema yatosha, shule imekwisha, binti atasaidia kukamua mawese. Mtihani wa serikali ulikuwa mbele yetu kwa majuma machache. Sikuwa na la kumlaumu. Mimi ndiye niliyemwandikisha binti yake kwenye orodha.

Siku hizo mbili nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni mwa mwaka. Niliingia darasani mapema, nikasimama nyuma, nikatazama nani anakaa na nani. Halafu niliwaambia wanafunzi nilichokosea, kwa maneno machache, bila kulia, kwa sababu mwalimu akilia wanafunzi wanaanza kumhudumia. Sikuwapanga upya kwa nguvu. Nilisema tu kwamba vikundi vya kazi kuanzia leo vitatoka kwenye kofia, kwa namba, na kwamba darasa letu halitaandika tena jina la mtu chini ya jina la chama chochote, hata kilichokufa karibu miaka mia mbili iliyopita. Vijana wangu, hilo nawaachia kama mazoea ya kazi: namba, si majina; na kabla ya kufungua kitabu, soma mabenchi. Vikundi vya kofia vilikuwa vibaya mwezi mzima. Watu walikaa pamoja kama abiria. Kisha vikawa vibaya kidogo tu. Bosko alibaki kulia, Saidi alibaki dirishani. Sitawadanganya kwamba njia ya katikati ilifutika.

Ijumaa ilibaki sehemu ya mwisho ya sura, namna madaraka yalivyotoka kwa Wafederali yakaenda kwa Warepublika. Nilikuwa nimeanza kuandika ubaoni nikasikia mabenchi yanakwaruza, darasa linasimama. Mlangoni alikuwa Goreti, na nyuma yake baba yake, mtu mrefu, mikono imebadilika rangi kwa mawese, kofia mkononi.

"Mwaramutse, Madamu," akasema. "Nimekuja kusikia hicho munachobafundisha batoto."

"Karibu, Baba Goreti."

Wanafunzi walimsogezea nafasi benchi la mwisho. Goreti akakaa karibu naye. Nilifundisha. Sikusoma mbio kama siku ya kurasa nane za Misri. Nilieleza sheria ya kuwafunga waandishi, nilieleza kura thelathini na sita, bunduki zilizotayarishwa na hazikulia, gari la farasi kabla ya jua. Kisha nikanyamaza, kama nilivyofundishwa, nikangoja maswali.

Yule mzee ndiye aliyesimama. Hakuinua mkono, hakujua kwamba unainuliwa.

"Huyu aliyeshinda," akasema. "Bale ba chama kilichoshindwa, majina yabo alikuwa nayo. Alibafanya nini?"

"Wengine aliwaondoa kazini. Wengi aliwaacha walipokuwa. Waliofungwa kwa kuandika aliwatoa."

"Na kuua?"

"Hakuua."

"Hata ule mukubwa wabo, wa gari la farasi?"

"Aliishi miaka mingi. Mwisho waliandikiana barua, yeye na yule aliyemshinda, wazee wote wawili. Alifia kitandani kwake."

"Kitandani."

"Kitandani, Baba."

Alikaa. Nje watu wa soko walikuwa wanapakua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na harufu iliingia kwa dirisha la Saidi. Baada ya muda yule mzee alisimama tena, akavaa kofia, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amekwisha kufungua kaye na kutoa rula.

"Saa tisa," akamwambia, "nitakungoja kwenye bariyeri." Akatoka.

Alimngoja siku ile, na kila siku mpaka mtihani.